Sumbu Kalambay na Kipimo cha Bingwa Asiyepigwa

Katika ngumi za kulipwa, rekodi ya bondia huandikwa kwa tarakimu tatu, yaani mapambano aliyoshinda, aliyopoteza na aliyotoka sare, na pale tarakimu ya pili inapobaki sifuri hadi siku ya kustaafu, mashabiki wengi huichukua kuwa hukumu kamili inayomweka mwenye nayo juu ya wenzake wote. Ndivyo Rocky Marciano wa Marekani anavyokumbukwa kwa mapambano 49 bila kupigwa, na Floyd Mayweather kwa 50. Hukumu hiyo ina kasoro ya msingi, na bondia anayeidhihirisha vizuri kuliko wengi ni Sumbu Kalambay, aliyezaliwa Lubumbashi tarehe 10 Aprili 1956, mji huo ukiwa bado unaitwa Élisabethville, akaingia ngumi za kulipwa nchini Italia mwaka 1980 na kustaafu mwaka 1993 akiwa ameshinda mara 57, amepigwa mara 6 na kutoka sare mara 1.

Chanzo cha kasoro ni jinsi mchezo wenyewe unavyoendeshwa. Katika soka, ambayo Lubumbashi inaijua kwa undani kupitia TP Mazembe, ratiba ya ligi humlazimisha kila mshindani kukutana na wengine wote, kwa hiyo timu inayomaliza msimu bila kushindwa huwa imethibitisha ubora wake mbele ya wapinzani ambao haikuwachagua. Ngumi hazina ligi. Bingwa na promota wake huchagua wa kupigana naye, mahali na wakati, na kinachowabana ni kanuni ya mpinzani wa lazima, ambayo kwayo chama kinachotoa mkanda humtaka bingwa akutane na bondia aliyeteuliwa katika orodha yake, la sivyo avuliwe taji. Kwa sababu hiyo sifuri inaweza kutokana na ubora au na uangalifu wa kuchagua, na mara nyingi hutokana na vyote viwili. Marciano alimpiga Joe Louis mwaka 1951, Louis akiwa na umri wa miaka 37. Mayweather alikutana na Manny Pacquiao mwezi Mei 2015, baada ya miaka mingi ya mazungumzo, na baada ya Pacquiao kuangushwa na Juan Manuel Márquez mwezi Desemba 2012. Ushindi huo haufutiki, lakini mchambuzi makini hana budi kuusoma pamoja na tarehe zake.

Kuna njia nyingine ya kupima, nayo ni kumtazama mtu aliyeivunja sifuri ya mwenzake na kuuliza aliivunjaje. Kongo inalijua jambo hili tangu tarehe 30 Oktoba 1974, George Foreman alipopanda ulingoni Kinshasa akiwa na ushindi 40 bila kupigwa, akaangushwa na Muhammad Ali katika raundi ya nane. Kalambay alifanya kazi ya namna hiyo mara mbili katika muda wa miezi kumi, dhidi ya mabondia wawili wasiofanana hata kidogo.

Wa kwanza alikuwa Herol Graham wa Sheffield, aliyekuwa na ushindi 38 bila kupigwa walipogombea ubingwa wa Ulaya wa uzani wa kati, wenye kikomo cha takriban kilo 72.5, pale Wembley tarehe 26 Mei 1987. Graham alisimama kwa msimamo wa kushoto, yaani mkono na mguu wa kulia vikitangulia, mikono akaiacha chini, na kinga yake ikawa ni kuyumbisha kiwiliwili hata ngumi zikapita hewani. Anayekifukuza kichwa cha bondia wa aina hiyo huchoka bure. Lakini kifua na mbavu haziwezi kukwepa kwa kasi ya kichwa, na shinikizo la kusonga mbele raundi baada ya raundi, likisindikizwa na konde fupi la mkono wa mbele, humnyima nafasi ya kuyumba. Kalambay alishinda kwa pointi.

Wa pili, Mike McCallum wa Jamaika, aliyekuja Pesaro tarehe 5 Machi 1988 na ushindi 32 bila kupigwa, alidai jibu la kinyume kabisa. Makonde ya McCallum ya mwilini yalikuwa ya kuogofya, lakini konde la namna hiyo hupata nguvu pale tu miguu ya mpigaji inapotulia karibu na mpinzani. Kalambay, ambaye miguu yake myepesi ilikumbusha shule ya Ali, alizunguka, akapiga konde la mbele huku akitembea, akaachia makonde mawili matatu mfululizo na kuondoka kabla McCallum hajajipanga, akaendelea hivyo kwa raundi 12. Kubadilika huku, kutoka kusonga mbele hadi kucheza kwa mbali, ndiko kunakomtofautisha bondia anayefikiri na yule mwenye kipaji kimoja tu, na hakuna tarakimu ya rekodi inayokuonyesha.

Kati ya mapambano hayo mawili alikuwa amempiga Iran Barkley mjini Livorno, tarehe 23 Oktoba 1987, kwa raundi 15, akatwaa mkanda wa Chama cha Ngumi cha Dunia, WBA, uliokuwa wazi. Uzito wa ushindi huo ulionekana Juni 1988, Barkley huyo huyo alipomwangusha bingwa Thomas Hearns. Baada ya McCallum, Kalambay aliutetea mkanda mara mbili zaidi mwaka 1988, dhidi ya Robbie Sims na Doug DeWitt.

Hapa ndipo hesabu ya kutopigwa inapoonyesha udhaifu wake wote, kwa maana hakuna aliyempokonya Kalambay mkanda huo ulingoni. WBA ilimtaka apigane tena na Graham. Yeye akachagua Michael Nunn, bingwa wa Shirikisho la Kimataifa la Ngumi, IBF, ambaye naye hakuwa amepigwa, na kwa uchaguzi huo akavuliwa taji. Kama bingwa wa WBA, basi, alimaliza bila kushindwa. Lakini tarehe 25 Machi 1989, Las Vegas, Nunn, mrefu na mwenye msimamo wa kushoto kama Graham, alimwangusha kwa konde moja la kushoto katika sekunde 88. Uzoefu wa Wembley haukumsaidia, kwani msimamo ulikuwa ule ule lakini konde la Nunn lilishuka moja kwa moja kutoka juu, likiwa na nguvu ambayo Graham hakuwa nayo.

Sekunde hizo 88 hurudiwa kuonyeshwa kuliko raundi zote za Pesaro, na hilo ni dhuluma kwa kazi yake. Bondia aliyeacha njia aliyopangiwa ili akutane na bingwa mwenzake alifanya lile ambalo wengi wenye sifuri walilikwepa, na kupigwa kwake kunapaswa kuandikwa pamoja na sababu yake. Vipigo vyake vingine vina uzito tofauti: alipoteza kwa pointi kwa Mganda Ayub Kalule mjini Ancona mwaka 1985, kabla hajakomaa, na McCallum alilipiza kisasi Monte Carlo tarehe 1 Aprili 1991, tena majaji wakigawanyika. Anayetaka kudai kwamba ushindi wa Wembley ulikuwa wa bahati atalazimika kwanza kueleza pambano la Machi 1992 mjini Pesaro, ambapo Kalambay, akikaribia miaka 36, alikutana na Graham kwa mara ya pili na kumpiga tena kwa pointi.