Sifa za Mafundi wa Mfupa

Katika mji wa Iringa, ambako barabara ipandayo kutoka Ipogolo ina kona za kutosha kumjaribu kila mwendesha bodaboda, kuvunjika muundi si habari ya kumshangaza mtu. Na aghalabu majirani, wakishampa mgonjwa pole, humsifu tabibu aliyemfunga hogo, kama wazee wao walivyowasifu waganga wa mabanzi. Sifa hiyo ni haki yao, maana kuunyosha mfupa kwa mikono, ukitafuta kwa ncha ya kidole gumba mahali ambapo pande mbili zinakubali kukutana, ni ustadi usiopatikana kwa pupa. Walakini tabibu na mganga, wakiulizwa kwa insafu, watakiri kwamba kazi yao hukoma katika kunyosha na kutuliza; waungao mfupa ni mafundi wengine, wasioonekana kwa macho, na hao ndio ninaokusudia kuwasifu.

Pengine tumezoea mno kuutazama mfupa kama masalio. Fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na kuwekwa Kalenga, limetufundisha kwamba mfupa hubaki baada ya mwenyewe kuondoka. Na ni kweli, ila mfupa wa aliye hai hautulii hata siku moja, kwani hubomolewa na kujengwa upya kila uchao, na wajenzi wake ni seli ziitwazo osteoblasti.

Mfupa ukivunjika, damu humwagika na kuganda papo hapo, na chembe zile za kugandisha damu hutoa protini ambazo wataalamu huziita vichochezi vya ukuaji, mashuhuri miongoni mwake ikiwa ile ya PDGF. Protini hii haiingii ndani ya osteoblasti. Kwa kuwa yenyewe ni pande mbili zilizofungamana, huvishika vipokezi viwili vilivyo juu ya utando wa seli na kuvikutanisha; navyo vikishakutana hutiana alama za fosfeti, alama hizo zikaita kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi C, nacho kikakata mafuta ya utando, na kijipande kimoja cha mkato huo kikaelea hadi kwenye vifuko vya ndani vihifadhivyo kalsiamu, kikavifungua. Siri ya kijipande hicho ilifichuliwa mwaka 1983 na Michael Berridge na wenzake, tena katika seli za kongosho, miaka 100 tangu Sydney Ringer aonyeshe huko London kwamba moyo wa chura hauendelei kupiga pasipo kalsiamu.

Sasa nifikie jambo linalonistaajabisha kuliko yote. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili, tuipatayo katika maziwa na dagaa wanaotafunwa pamoja na mifupa yao, imo mifupani; basi osteoblasti huishi ubavuni mwa jabali la madini hayo, na bado ndani mwake, inapopumzika, huacha kiasi kidogo mno, kama sehemu moja kwa 10,000 ya kilichopo nje ya utando. Usiku na mchana hutumia nguvu kuyasukuma nje. Mtu angedhani ni ubahili, kumbe ni tadbiri: maadamu ndani pamekauka, hata mmiminiko mdogo huwa ni habari, ilhali seli iliyojaa kalsiamu isingetambua lolote, na kwa kweli hufa. Kwa hiyo kitu kilekile ambacho nje ni tofali, ndani ni neno, mfano wa mwashi aitwaye kazini kwa kurushiwa kibonge cha chokaa ileile atakayojengea.

Mwito wenyewe haudumu. Protini ya kalmodulini huidaka kalsiamu na kuamsha vimeng'enya vingine, seli ikaanza kusogea penye jeraha na kugawanyika, na pampu zikairudisha kalsiamu vifukoni. Kisha pengine mwito hurudiwa, kila seli kwa mwendo wake. Yanayofuata ni ya polepole: gegedu, mfupa mchanga, halafu osteoklasti za kuchonga palipozidi, kazi ya miezi na hata miaka.

Binadamu naye amejaribu kuita mafundi hao. Marshall Urist alionyesha mwaka 1965 kwamba unga wa mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli, huotesha mfupa mpya. Na mwaka 2002 Marekani iliruhusu kichochezi cha ukuaji kiitwacho BMP-2 kitumike katika upasuaji wa uti wa mgongo. Wengi walinufaika, lakini kwa wengine mfupa uliota pasipotakiwa, na mwaka 2008 serikali ya huko ikawaonya matabibu juu ya uvimbe wa shingo uliowabana wagonjwa pumzi. Dawa hiyo ilipimwa kwa miligramu. Chembe za damu, katika kutoa PDGF, hupima kwa nanogramu.