Kauli ya Kutendesha na Uteuzi wa Maneno: Kikamba na Kiswahili

Sarufi za shule hudai kwamba kiambishi cha kutendesha huongeza maana moja tu: kumfanya mtu atende. Dai hilo halitoshi. Mkamba wa Kitui au Makueni huunda, kutokana na kitenzi manya, yaani 'jua', neno manyĩsya, lenye maana ya 'fundisha'. Mwanafunzi wake akifuata njia hiyo katika Kiswahili hupata julisha, umbo lisilo na dosari. Lakini aliyejulishwa jambo amepewa habari tu, hajafundishwa. (Somesha nayo ina yake: mzazi humsomesha mwana kwa kulipa karo, bila kushika chaki.) Mwalimu anayeandika hapo 'kosa la sarufi' ametibu maradhi yasiyokuwapo. Kosa ni la msamiati, na vitenzi vilivyonyambuliwa vyastahili kufasiriwa kimojakimoja.