Picha Ubaoni na Maneno ya "Adili na Nduguze"

Mwalimu wa Kiswahili katika nchi za bara hakosi kukutana na Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert (1909–1962) iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1952. Kitabu ni chembamba, kisa chake chavutia, na lugha yake ni teule. Hata hivyo wanafunzi wengi wa huku Uganda hukifungua kwa hamu na kukifunga kwa uchovu. Sababu si ugumu wa kisa. Msamiati wake ni mzito kwa kijana aliyekiokota Kiswahili sokoni, katika kituo cha mabasi au jirani na kambi ya askari. Ili kuupunguza mzigo huo, walimu wengi wameshika njia ya picha: michoro ya ubaoni, kadi, na chati za ukutani. Njia hii yastahili sifa. Lakini yastahili pia kupimwa, maana si kila neno la Shaaban Robert lakubali kuchorwa.

Tuanze na wema wake. Picha hufundisha vizuri majina ya vitu, hasa pale ambapo lugha ya nyumbani humvuta mwanafunzi pembeni. Mwanafunzi asemaye Kiganda akisikia habari za safari ya majini, akili yake hukimbilia ennyanja, yaani ziwa. Na ziwa alijualo ni lile la Viktoria. Mchoro wa chombo chenye tanga, maji yakiwa yameuzunguka upeo wote wa macho, humwonyesha kwamba bahari ni jambo jingine. Hali kadhalika neno nyani. Mtoto huyo anayo enkima, ndugu wa kima wa Kiswahili, na anayo enkobe, ambayo ndiyo nyani hasa. Mwalimu akichora mnyama yeyote mwenye mkia mrefu, darasa zima litajibu enkima, na kosa litakuwa limepandwa kwa chaki. Hana budi kuchora pua ndefu mithili ya mbwa, na kando yake kuwachora kima na mbega, ili tofauti ionekane. Picha nzuri ya msamiati hubainisha kitu hiki na jirani yake.

Sasa tutazame upungufu. Aghalabu chati hubandikwa ikiwa na vitu ishirini, na chini ya kila kitu neno moja: mjeledi, nyani, mnyororo, mfalme. Wanafunzi hunakili, mwalimu husahihisha tahajia, na somo huisha. Hapo mtoto amepata majina bila lugha. Hajui kwamba nyani, ajapokuwa mnyama, husemwa "nyani hawa wanalia", kama asemwavyo mtu. Na katika hadithi hii jambo hilo ni kubwa, kwani nyani hao walikuwa watu. Heri chini ya picha iandikwe sentensi kamili. Maneno sita yaliyomo katika sentensi sita yana faida kuliko ishirini yaliyotundikwa kama nguo kwenye kamba.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi. Wasomaji wanakumbuka kwamba Ikbali, mjumbe wa Mfalme Rai, alishuhudia usiku jambo la ajabu: Adili, liwali wa Janibu aliyesifiwa kwa haki, akiwapiga nyani wawili kwa mjeledi. Hii ndiyo picha ambayo kila mwalimu hupenda kuichora, kwa kuwa ina mambo na ni rahisi. Lakini ukiwaonyesha wanafunzi wasiojua kisa, kisha ukawataka wamtaje mtu huyo kwa neno moja, watasema "mkatili", "mkali", "mwenye hasira". Nao watakuwa wamesema kweli kuhusu picha, na uongo kuhusu kitabu. Picha huonyesha tendo. Haionyeshi sababu yake. Haionyeshi kwamba wapigwao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliotaka kumwangamiza. Wala kwamba ampigishaye ni jini aliyemwamuru. Wala kwamba kila pigo lamuumiza apigaye. Neno adili halimo ndani ya mchoro.

Wako watakaosema: basi tuziache picha, turudi kwenye kamusi. Mimi siafiki. Upungufu huu ukitumiwa kwa akili hugeuka kuwa somo bora kuliko yote. Mwalimu na aichore picha hiyo kabla ya sura kusomwa. Upande wa kushoto wa ubao aandike maneno yote watakayoyatoa wanafunzi, bila kuyasahihisha. Kisha sura zisomwe, mpaka siri ya nyani ifunuliwe mbele ya mfalme. Hapo warudi kwenye picha ile ile, na upande wa kulia waandike maneno mapya. "Ukatili" utafutwa, badala yake watahitaji majonzi, huruma, utii, adhabu, subira. Watayatafuta maneno hayo kwa kuwa wanayahitaji, na neno litafutwalo kwa haja halisahauliki upesi. Tena watakuwa wamejifunza kwamba kumpa mtu jina kwa kumtazama mara moja ni hatari. Hilo ni somo la msamiati, na kwa hakika ndilo somo la kitabu chenyewe.

Yako pia maneno ambayo hata njia hiyo haiyatoshelezi. Majina ya ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, huelezwa darasani kana kwamba ni neno moja. Sivyo. Wivu una uwanja mpana. Hata mke na mume huoneana wivu kwa sababu ya mapenzi. Husuda ni kuchukia neema ya mwenzio na kutaka imwondoke. Uso mmoja wa kukunjamana ubaoni hauwezi kuitenga hali moja na nyingine. Hapa miili ya wanafunzi yafaa kuliko chaki. Kitabu kina mji ambao watu wake waligeuka mawe. Basi darasa na lifanywe mji huo. Wanafunzi watatu wasimame kama sanamu: mmoja ameshika kitu cha thamani, wa pili anakitamani, wa tatu ananyosha mkono kukiangusha. Wenzao wataje nani ana wivu na nani ana husuda, na kwa sababu gani. Bila ile "kwa sababu", zoezi ni mchezo tu.

Mwisho, picha yaweza hata kubeba sarufi. Jina la kitabu lenyewe huwatatiza wengi: nduguze ni nini? Chora mtu mmoja katikati na wawili kando, uandike "ndugu zake", kisha "nduguze". Waganda hawatashangaa, maana lugha yao husema kitange, kitaawo, kitaawe, kwa baba yangu, yako na yake. Kisha chora machozi usoni pa Adili: Adili analia. Ongeza mshale kutoka kwake kwenda kwa nyani: Adili anawalilia nduguze. Mshale mmoja umefundisha kauli ya kutendea kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Najua pingamizi zilizobaki: madarasa ni makubwa, nakala za kitabu ni chache, rangi hakuna. Lakini hakuna nililolitaja linalohitaji zaidi ya chaki, ubao na watoto wenye miguu ya kusimamia. Kinachohitajika ni kiasi: picha moja au mbili kwa kipindi, zitazamwe mara mbili, na kila neno liingie katika sentensi.

Jambo hili halikuhusu mbinu za darasani peke yake. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa muda mrefu wananchi wetu wengi walikisikia kama lugha ya amri: simama, toa, nenda. Lugha ya amri haihitaji neno adili. Ikiwa watoto wetu watatoka shuleni wakijua kuutaja mjeledi na wasijue kumtaja mtu mwenye haki aumiaye kwa kuushika, tutakuwa tumewarudishia Kiswahili kile kile walichokiogopa wazazi wao.