Sauti Mbili katika Sikio Moja: Ubongo, Msemaji na Dhana ya Matini katika Uhakiki wa Fasihi Simulizi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mazoea ya kuichukulia sauti ya fanani kuwa chombo tu cha kubebea maneno. Kwa kurejelea tafiti kuhusu namna ubongo unavyotambua usemi na sauti za watu, yanadai kuwa mhakiki anayetegemea nukuu ya maandishi pekee anasoma sehemu ya matini, si matini kamili.

1.0 Utangulizi

Neno "sauti" katika Kiswahili lina kazi mbili. Mwanaisimu anapotaja sauti /p/, anakusudia kipashio cha lugha ambacho hubaki kilekile, akitamke mtoto au mzee. Mpenzi wa taarabu anaposema kwamba mwimbaji fulani "ana sauti", anakusudia kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukiazima. Taaluma imejengwa zaidi juu ya maana ya kwanza. Fonolojia humweka msemaji kando ili mfumo uonekane. Uhakiki wa fasihi simulizi nao, ingawa husisitiza utendaji katika kurasa za mwanzo, mara nyingi huishia kuchambua maudhui, wahusika na tamathali za maneno yaliyokwisha kunukuliwa. Swali linalostahili kuulizwa ni iwapo utengano huo umo katika usikilizaji wenyewe, au ni zao la kalamu.

2.0 Neno na Msemaji katika Ubongo

Tangu kazi ya Carl Wernicke ya mwaka 1874, imefahamika kuwa madhara katika sehemu ya nyuma ya panja la kushoto la ubongo yanaweza kumwacha mtu akitiririsha maneno ilhali haelewi anachoambiwa. Kwa muda mrefu, uelewa wa usemi ulihesabiwa kuwa kazi ya upande huo. Van Lancker na Canter (1982) walielekeza macho upande wa pili: miongoni mwa wagonjwa wenye madhara katika nusu ya kulia ya ubongo, walikuwapo walioshindwa kutambua sauti za watu mashuhuri. Baadaye, Belin na wenzake (2000) walibainisha maeneo katika panja, kando ya mfereji wake wa juu, yanayoitika zaidi kwa sauti ya binadamu kuliko kwa sauti nyingine, hata pale sauti hiyo inapokuwa haina neno ndani yake.

Matokeo haya yanaweza kusomwa kana kwamba yanaunga mkono mazoea ya wahakiki: neno lina makao yake, na msemaji ana yake. Usomaji huo hautoshi. Nygaard, Sommers na Pisoni (1994) waliwazoeza wasikilizaji kutambua sauti za wasemaji kumi kwa muda wa siku tisa, kisha wakawapa maneno mapya yaliyochanganywa na kelele. Waliojifunza sauti hizo waliyatambua maneno vizuri zaidi yalipotamkwa na wasemaji waliowazoea kuliko yalipotamkwa na wageni. Kumjua msemaji, basi, si jambo linalofuata baada ya neno kueleweka. Limo katika njia ya kulielewa.

3.0 Kinachojazwa na Msikilizaji

Warren (1970) alifuta sauti moja ya usemi katika sentensi na mahali pake akaweka kikohozi. Wasikilizaji walidai kuwa wamesikia neno zima, na hawakuweza kuonesha kwa usahihi kikohozi kilipotokea. Ubongo ulijaza pengo kwa kutumia kile unachokijua.

Ujazaji wa namna yake si mgeni kwa msomaji wa miswada ya kale ya tenzi. Katika hati za Kiarabu zilizotumika pwani, aghalabu kasra ilisimamia /i/ na /e/, na dhamma ikasimamia /u/ na /o/. Msomaji aliyakamilisha maneno kwa sikio lililokwisha kuusikia utenzi ukighaniwa. Mwandiko ulikuwa kumbusho kwa wenye sauti, wala haukudai kujitosheleza. Hati za Kilatini zimeondoa utata wa irabu, lakini zimeleta hatari nyingine, yaani dhana kwamba hakuna kinachokosekana. Katika Kimvita, "paa" la nyumba hutofautiana na "paa" mnyama kwa mpumuo, kama vile "kaa" la moto linavyotofautiana na "kaa" wa baharini. Tahajia sanifu haioneshi tofauti hiyo. Msomaji wa mashairi ya Muyaka bin Haji asiyekulia katika lahaja hiyo hawezi kujaza pengo ambalo hajui kuwa lipo.

Iwapo fonimu yenyewe hupotea hivi, sauti ya mtu hupotea zaidi. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, na nyimbo zake zimechambuliwa kama maandishi. Hata hivyo, kilichomfanya asafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kilikuwa sauti yake. Mhakiki anayeziweka santuri hizo kando kwa kuwa "maneno yamekwisha kupatikana" anaichagua maana moja ya "sauti" na kuitupa nyingine.

4.0 Mipaka na Hitimisho

Hoja hii isitiwe chumvi. Kama neno lisingetambulika kutoka kinywa chochote, lugha isingekuwapo. Fonolojia ina haki ya kumweka msemaji kando kwa muda. Aidha, jaribio la wasemaji kumi lilifanywa kwa Kiingereza katika maabara, si kwa ngano iliyosimuliwa mbele ya hadhira iliyozoea kuitikia. Wala picha ya ubongo haiwezi kuamua ubora wa shairi.

Lililo wazi linatosha kubadili utaratibu wa kazi. Hadhira iliyomsikia fanani tangu utotoni na mtafiti aliyefika jana na kinasasauti hawapokei usemi uleule kwa urahisi uleule. Mtafiti anapoandika katika nukuu yake kwamba sehemu fulani "haisikiki", huenda anaarifu mpaka wa sikio lake, si upungufu wa fanani. Kwa hiyo, nukuu ihakikiwe na msikilizaji anayemfahamu fanani. Rekodi ihifadhiwe na kurejelewa kama sehemu ya matini. Na pale ambapo rekodi haipo, mhakiki aseme wazi kuwa anahukumu maneno, si utendaji. Kanda inayofutwa baada ya nukuu kukamilika huondoka na sehemu ya maana ambayo hakuna toleo la kitabu litakaloirudisha.