"Utabiri" au "Makadirio"? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Mipango ya Utafiti

Miongoni mwa dhana zinazomfikia mfasiri wa nyaraka za Serikali ni ile ya kuwauliza wataalamu juu ya mustakabali wa teknolojia za dijitali, ili taifa liamue ni utafiti upi upewe kipaumbele. Neno linalomjia mfasiri upesi ni "utabiri". Kwa maoni yetu neno hili halifai.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Njia yake mashuhuri, iitwayo Delphi, ilibuniwa katika shirika la RAND, Marekani, miaka ya 1950. Wataalamu hupelekewa hojaji, na kila mmoja hujibu pasipo kujua nani kasema nini. Tuseme wameulizwa: ni mwaka gani mashine itaweza kufasiri mazungumzo ya simu papo hapo? Majibu hujumlishwa na kurudishwa kwao, kisha huulizwa tena. Aliye mbali na wenzake ama hubadili kauli yake ama huitetea kwa sababu. Japani ilitoa uchunguzi wake wa kwanza wa kitaifa wa namna hii mwaka 1971, na imeurudia kila baada ya miaka mitano hivi. Wataalamu huulizwa pia umuhimu wa jambo na vikwazo vyake.

Basi hapa hakuna kutabiri. Utabiri husubiriwa utimie. Hauhojiwi wala hausahihishwi. Afisa akiandikiwa kwamba "wataalamu wametabiri", hatauliza walikuwa wangapi, walitoka wapi, wala walitofautiana kiasi gani. Naye ndiye atakayegawa fedha za umma. Kosa hili si letu peke yetu, maana Delphi ni mahali pa kale pa Uyunani watu walipokwenda kuaguliwa.

"Ubashiri" una dosari hiyo hiyo. "Matazamio" ni afadhali, ila kutazamia ni kupiga ramli pia. Tunapendekeza "makadirio ya wataalamu". Mtumishi wa Serikali anayajua makadirio ya mapato na matumizi: yana tarakimu, yana mwenye kuyajibia, na Bunge huyahoji. Yuko atakayesema kwamba neno hilo limekwisha kushikwa na Hazina. Hoja hiyo ina uzito, lakini kivumishi "ya wataalamu" kinatosha kuondoa utata.

Jambo hili si la kuchezea maneno. Ujerumani ilipofanya uchunguzi wake wa mwaka 1993, iliyafasiri maswali ya Japani, zaidi ya 1,000, ili majibu ya mataifa mawili yalinganishwe. Ulinganisho huo ulisimama juu ya kazi ya wafasiri. Siku wataalamu wetu watakapoulizwa kwa Kiswahili, swali litakaloomba utabiri litaletewa ndoto, na litakaloomba makadirio litaletewa hesabu pamoja na sababu zake. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hii wasisite kuileta ipimwe.