Mkokoteni wa Baba Daigoro

Mwanamume akipanda matatu peke yake na mtoto mchanga, lazima mtu atauliza: "Kwani mamake ako wapi?" Filamu za Lone Wolf and Cub, zilizotokana na manga iliyoanza 1970, hujibu swali hilo mapema: mama ameuawa. Ogami Itto, mkata vichwa wa shoguni aliyesingiziwa uhaini, anazunguka Japani ya kale akiua watu kwa malipo huku akisukuma mkokoteni wa mbao. Ndani ameketi Daigoro, mwanawe. Mkokoteni huohuo umefichwa silaha.

Hapo ndipo ninapogombana nazo. Ni kama baba haruhusiwi kulea mpaka mama afe, na hata akilea, sharti amwage damu ndiyo tusimwone laini. The Mandalorian ya 2019 iliazima sura hiyo: mpiganaji, mtoto, silaha.

Lakini hebu tazama filamu ya pili, ya 1972. Itto amejeruhiwa, yuko hoi. Daigoro anamtekea maji. Yanapomwagika mikononi, anayabeba mdomoni. Kisha anachukua chakula cha sadaka kwenye sanamu kando ya njia, na kwa kuwa si mwizi, anavua nguo yake ya juu na kuiacha pale. Hapo hakuna upanga. Mtoto anatunza kwa vile ametunzwa.

Mapigano ni matamu, sikatai. Ila bado naingoja filamu ambamo baba anasafiri na mtoto wake, na mamake yuko tu kazini.