Maji Yalivyoingia, Maji Yalivyotoka: Kupima Meza ya Mgeni Meru na Embu

Mtazame mgeni mzoefu wa Meru au Embu anapoletewa sahani. Hakimbilii kijiko. Anatazama kwanza mukimo unavyokaa: umesimama na ukingo wake, au umelala ukasambaa? Chini yake pakavu, au pana maji ya kijani yanayochuruzika kuelekea kwenye nyama? Kabla hajaonja, ameshapata nusu ya habari za jikoni.

Huku kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, chakula cha nyumbani hakina pa kujificha. Mpishi wa Lamu au Mombasa, wali ukimwendea kombo, bado ana tui, hiliki na bizari za kumtetea. Mpishi wa Nkubu au Runyenjes ana chumvi, kitunguu na moto, basi. Ndiyo maana mimi hupima meza ya wageni ya sehemu hizi kwa jambo moja: maji. Yametiwa kiasi gani, yamemwagwa lini, yamekaushwa vipi. Viungo vya pakiti vinaweza kuupaka mchuzi rangi, lakini haviwezi kuyatoa maji yaliyokwisha kuingia ndani ya kiazi.

Mukimo ndio unaobeba heshima ya mwenyeji, iwe ni siku ya ruracio, yaani ya mahari, Krismasi, au mchana wa kawaida tu mtoto amerudi kutoka Nairobi na wenzake wanne bila kutoa taarifa. Viungo vyake vinajulikana: viazi, mahindi, majani ya maboga, na mara nyingi ndizi mbichi zikichukua nafasi ya sehemu ya viazi. Ugumu wake uko katika dakika kumi za mwisho. Viazi vinavyoshuka kutoka Kibirichia na Timau siku hizi ni vya aina ya Shangi kwa wingi, na Shangi ana tabia moja ambayo wauzaji wanaisifu na mafundi wanaiogopa: anaiva upesi sana. Ukimwacha kwenye maji yanayotokota huku unapiga gumzo na wageni sebuleni, atapasuka, atanywa maji, na hapo hakuna mchi utakaokuokoa.

Fundi hutia maji ya kufunika viazi tu, si zaidi. Mahindi yameshachemshwa kando yakaiva, kwa sababu mahindi na kiazi havisubiriani. Majani hukaa juu, yaive kwa mvuke na kwa yale maji kidogo. Kiazi kikikubali ncha ya kisu, maji yote humwagwa kwenye bakuli, na bakuli hilo huwekwa karibu endapo yatahitajika kijiko kimoja kimoja. Kisha sufuria hurudishwa juu ya makaa bila kifuniko kwa dakika moja au mbili, mvuke utoke. Wapishi wengi huruka hatua hii. Ukitaka kumjua mwenyeji wako, sogea jikoni wakati huo, ujifanye unatafuta maji ya kunywa.

Baada ya hapo mukimo hupondwa ungali moto, mchi ukishuka wima. Anayekoroga kwa kuzungusha mwiko anapasua chembe za wanga, na wanga ukimwagika mukimo unakuwa gundi: unavutika, unang'aa, unashika kwenye kaakaa. Viazi vilivyopoa vikipondwa huleta balaa hilohilo. Kwa hiyo mukimo unaong'aa ni wa kutiliwa shaka. Ule mzuri una uso mkavu, uliofifia kidogo, na ukiukata kwa kijiko unaachia bila kufuata kijiko.

Sasa rangi. Siku hizi kuna wanaosaga majani kwenye blenda, wakamimina ule uji wa kijani ndani ya viazi, na mukimo wote ukawa wa kijani kimoja kama ukuta wa zahanati. Mimi siutaki. Pamoja na rangi, blenda imeleta maji mengine ambayo hayakuhitajika. Mukimo wa mkono una kijani kilichokolea hapa na kupauka pale, vipande vya jani bado vinaonekana, na punje za mahindi ni nzima, nyeupe, zimejaa. Chukua punje moja uibane kwa meno ya mbele. Ikiwa ganda limebaki mdomoni kama karatasi, mahindi yalikuwa makavu na hayakupewa muda. Ikiwa nyuzi za majani zimekukwama menoni, vikonyo havikumenywa, maana jani la boga lazima livuliwe nyuzi zake moja moja kuanzia kwenye kikonyo. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na ndiyo ambayo mwenye haraka huiruka akidhani hakuna atakayejua.

Kwa ndizi, mambo huanzia shambani. Mkungu wa Meru uliokatwa mapema una vidole vyenye pembe kali. Uliokomaa vidole vyake vimejaa na pembe zimelainika. Ndizi isiyokomaa ikichemshwa inabaki na ukakasi na utelezi, na hata ukiiponda namna gani haishikamani. Humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usigande, hutumbukizwa kwenye maji papo hapo isije ikawa nyeusi, na maji hayo humwagwa. Ukiona mukimo wa ndizi umekuwa wa kijivujivu, jua zilikaa mezani zimemenywa wakati mtu anatafuta sufuria.

Njahi, ambazo Embu na Mbeere huitwa njavi, ndizo mtihani mgumu kuliko yote. Ni nyeusi, zina mstari mweupe ubavuni, na ndani zina uchungu. Maji ya kwanza ya kuchemshia lazima yamwagwe, na wapishi waangalifu humwaga hata ya pili. Hapa ndipo mtu mbahili wa kuni hujulikana, kwa sababu kumwaga maji yaliyochemka ni kumwaga moto. Njavi zilizopikwa sawasawa zina utamu mzito na zinapondeka bila kuacha ganda gumu. Zikichanganywa na ndizi mbivu, utamu wa ndizi unatakiwa uwe nyuma, usije ukawa mbele kuficha uchungu. Onja kidogo, meza, ungoje. Uchungu wa njavi huja mwishoni, nyuma ya ulimi.

Kuna jambo la kimaumbile ambalo mgeni anayetoka bondeni husahau anapomlaumu mwenyeji wa juu. Maji hayachemki kwa joto lile lile kila mahali. Kila unapopanda mita 300 hivi, joto la kuchemka hupungua kwa takriban nyuzi moja. Mji wa Meru, ulio kwenye mita 1,500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95. Ukipanda hadi Timau, kwenye zaidi ya mita 2,000, ni karibu 92. Maharagwe yaleyale yatakayoiva mapema kule Kiritiri yatachukua muda mrefu zaidi Timau, kwa kuni zilezile. Kwa hiyo githeri, yaani mahindi na maharagwe, iliyoiva vizuri huko juu ina thamani kubwa kuliko ya chini. Nami huipa alama zaidi.

Muda huo mrefu ndio unaowatia watu majaribuni kutumia magadi. Magadi yanalainisha maharagwe upesi, hilo halina ubishi, lakini yanaacha saini: maganda yamebanduka na kuelea, mchuzi umekuwa mzito wenye utelezi, na mdomoni panabaki ladha ya sabuni. Dawa yake iko sokoni, kabla ya jikoni. Muulize muuzaji wa soko la Gakoromone, mjini Meru, maharagwe yake ni ya msimu gani. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi sehemu za chini za Embu na Tharaka, kwa hiyo mapya huonekana sokoni mwaka unapoanza. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto huwa magumu ndani, na hata uyaloweke usiku kucha hayatalainika kama mapya. Wairimu, Mwitemania, Rosecoco, chagua upendayo. Mimi nitauliza umri kabla ya kuuliza jina. Na usikubali gorogoro lililochanganywa ya zamani na mapya, maana nusu yatapondeka na nusu yatakungoja.

Tumekwenda mbele ya meza. Mgeni hapokewi kwa mukimo. Hupokewa kwa kitu cha kutafuna na kikombe cha chai, na hapo ndipo wenyeji wengi hulegea.

Nduma, kwa mfano. Mtu ananunua nduma nzuri, anazichemsha ndani ya maji mengi kwa kuogopa zisiungue, halafu analeta sahani ya kitu kinachoteleza. Nduma ya mgeni inatakiwa iwe ya unga: ukiivunja kwa mkono inakatika, haivutiki, na sehemu iliyovunjika ina vumbi laini. Mwambie muuzaji akukatie kipande, uguse kwa kidole gumba. Ikinata na kuacha unga mweupe kwenye kidole, beba. Ikiwa imelowa na kung'aa, mwachie. Jikoni, maji yawe kidogo, kifuniko kibane, jani la ndizi juu likipatikana, na yakishakauka nduma ziachwe kwenye makaa hafifu zijikaushe zenyewe. Isiyoiva vizuri huwasha koo, na mgeni mwenye adabu atasema tu kwamba ameshiba. Viazi vikuu hufuata kanuni hiyohiyo, ila vyenyewe mimi navipenda vichomwe, maana makaa huondoa unyevu kuliko sufuria yoyote.

Makadamia ni zao jipya ukilinganisha na hivyo. Miche ya kwanza ilipandwa karibu na Thika mwaka 1946, na leo Embu na Meru zina miti mingi mno. Bakuli la makadamia zilizokaangwa kavu na chumvi kidogo ni kitafunio cha heshima, lakini nyingi zinazouzwa barabarani zilichumwa kabla ya wakati. Kipimo ni maji tena. Kokwa iliyokomaa ina mafuta mengi kiasi cha kuelea ukiitumbukiza ndani ya maji, changa huzama. Nayo iliyokaushwa ipasavyo husikika ikigonga ndani ya gamba unapoitikisa, kwa sababu imesinyaa ikaachana na ukuta wake. Iliyokaangwa ikiwa bado na unyevu huungua nje na kubaki laini katikati. Changa huwa ya kahawia na iliyonywea, na chumvi haitaisaidia.

Chai nayo isichukuliwe kimzaha katika nchi ambayo ukisimama karibu na viwanda vya Mungania, Rukuriri, Imenti au Kionyo unaweza kunusa majani yakikaushwa. Majani yachemke kwenye maji kwanza, maziwa yafuate, yapande pamoja mara moja na kushushwa. Chai ya mwenye mkono mzito wa maji huonekana kwenye ukingo wa kikombe, ambapo rangi hukatika na kuwa ya kijivu. Wale wanaoleta uji wa wimbi au uwele uliochachushwa, hasa upande wa Tharaka na Mbeere, wana haki ya kujivuna kuliko wa chai: uchachu wake uwe safi, uamshe mate, usichome pua, na uji uteleze kutoka kwenye kibuyu bila kuacha mabonge. Igembe huenda ukawekewa miraa kabla ya chakula. Hapo mhurumie mpishi, kwa sababu miraa hufunga hamu ya kula, na hata mukimo bora utarudi jikoni nusu.

Kuhusu nyama nitasema machache, maana wanaume wa huku wameshayasema yote na bado hawajanyamaza. Mbuzi achomwe taratibu, akishuka motoni apumzike kabla ya kukatwa, vinginevyo maji yake yote yataishia kwenye ubao. Tazama ubao baada ya kukata: ukiwa umejaa maji mekundu, kisu kilikuwa na haraka. Mutura ukatwe ukiwa wa moto, ganda likikauka kwa nje na damu ikiwa imeshikamana kwa ndani. Ukisikia mchanga kwenye meno, utumbo haukugeuzwa ukaoshwa vizuri, na hapo weka kando bila kueleza. Kachumbari iwe na nyanya zilizochujwa mbegu, vinginevyo italoweka kila kitu ulichokipima hadi sasa. Chapati hazihukumiwi hapa. Kenya nzima inazipika, na kila nyumba inaamini ni yake iliyo bora.

Kipimo cha mwisho hupatikana asubuhi, wageni wakiwa wameondoka au wamelala. Mukimo uliobaki hukatwa vipande na kukaangwa kwa mafuta kidogo na kitunguu. Uliopikwa na fundi hushika umbo lake, ukafanya ganda la dhahabu upande wa chini, na huweza kugeuzwa kwa mwiko bila kuvunjika. Wenye maji husambaa kikaangoni, hurusha mafuta, na huishia kuliwa kwa kijiko. Kwa hiyo ukialikwa Meru au Embu na ungependa kujua ulilishwa nini hasa, omba ulale.